Kozi ya video ya Uhindu, Ubudha na Utao: India safi, China imekimbizwa

Nimemaliza hii kozi ya mtandaoni inayoeleza hizi dini tatu, mbili za India na Utao wa China, zinahusiana vipi, na niseme tu mapema ni nzuri, ila ina kasoro moja inayoniuma kwa sababu mwalimu anajua anachofundisha na angeweza kabisa kuiziba.

Upande wa India ni moto. Anaanza na Veda, vitabu vitakatifu vya kale vya Wahindu, anaingia Upanishad, maandiko ya falsafa yaliyofuata, hana haraka, anakueleza karma, yaani matendo yako kukurudia, kuzaliwa tena na tena, watu kutafuta njia ya kutoka kwenye huo mzunguko, ndo Buddha anatokea na unaona kabisa alikulia humo humo kwenye mijadala ya India. Karma kaikubali, kuzaliwa upya kakubali, mamlaka ya Veda kakataa, na pale Upanishad zinaposema ndani yako kuna atman, nafsi isiyokufa, yeye anasema chunguza mwili, hisia, mawazo, hutakuta cha kudumu. Sa kama hamna nafsi, nini kinazaliwa tena? Mwalimu anajibu kwa mfano wa zamani wa Wabudha wenyewe, taa moja kuwasha taa nyingine: moto haujahama, lakini bila ya kwanza ya pili isingewaka. Hapo nilirudisha nyuma nikasikiliza upya.

Na kuna ile ya Wahindu wanaomwabudu mungu Vishnu kumweka Buddha kwenye orodha ya avatara kumi, yaani sura kumi za Vishnu akishuka duniani. Inaonekana heshima, lakini Ambedkar, kiongozi wa watu wa tabaka la chini India, alipoingia Ubudha na umati wa watu Nagpur mwaka 1956, kwenye viapo 22 alivyowaapisha kimojawapo kilikuwa kukataa kwamba Buddha ni avatara wa Vishnu. Safi sana kuiweka hiyo.

Halafu tunafika China, video moja fupi, eti Utao na Ubudha vinafanana, basi, twende mbele. Jamani! Ubudha uliingia China karne ya 1 BK ukamkuta Laozi, anayehesabiwa mwanzilishi wa Utao, tayari anaheshimika, na Watao wakaja na hadithi kwamba Laozi alisafiri magharibi akawafundisha Wahindi, yaani Ubudha ni Utao tu umerudi nyumbani. Waligombana karne na karne mpaka Kublai Khan, mtawala Mmongolia wa China, akaamuru vitabu vya Watao vichomwe mwaka 1281. Na huku wanagombana wanachukuliana, Watao wakachukua kuzaliwa upya na maisha ya utawa, Wabudha wa Chan, tawi la China ambalo Japani linaitwa Zen, nao wananukia Zhuangzi, kitabu maarufu cha Watao, kabisa. Hiyo ndo stori yenyewe na kwenye kozi haimo.

Kingine, kwenye mchoro wake kapiga mshale kutoka Uhindu moja kwa moja hadi Utao. Mi sikubali. Karibu kila kitu cha India kilichowafikia Watao kilipitia kwa Wabudha. Wahindu walifika kweli, wafanyabiashara wa Kitamil walijenga hekalu bandari ya Quanzhou huko China, na mpaka leo nguzo zenye picha za Krishna, mungu wa Wahindu, zimesimama kwenye hekalu la Kaiyuan, ila hilo ni hekalu la Wabudha!

Sauti iko poa, maswali ya mwisho wa kila somo yanafikirisha. Nampa nyota nne, akiongeza masomo mawili ya China na kuufuta ule mshale nampa ya tano.