Kijiti cha miaka mitatu: kukiweka dakika tano, kukitoa wiki tatu

Nimekaa na kijiti cha uzazi wa mpango mkononi miaka miwili na miezi minne. Nilishajiambia siku nikikitoa nitaandika, maana wakati natafuta habari zake kabla ya kuweka nilikutana na watu wa aina mbili tu: wanaosema hakina shida hata chembe, na wanaosema kitakumaliza. Mimi hakikunimaliza, na shida nilipata.

Mimi ni fundi cherehani, Tanga mjini, nina watoto wawili. Nilipoamua, huyu wa pili alikuwa na miezi minane. Sindano ya miezi mitatu nilishawahi kuitumia, nikawa nasahau tarehe. Vidonge ndiyo kabisa. Mimi hata dawa ya malaria ya siku tatu naimaliza kwa kukumbushwa na baba watoto. Kitanzi nilikiogopa tu, sina sababu ya maana.

Zahanati niliyokwenda ilikuwa imechorwa nyota ya kijani ukutani, ile alama ya uzazi wa mpango ambayo wengi tunaipita kila siku bila kuuliza ni ya nini. Asubuhi kabla huduma hazijaanza, muuguzi mkunga alitukuta kwenye benchi na kiboksi chenye njia zote ndani, akazipitisha mkono kwa mkono tuzishike. Kijiti nilikuwa nakifikiria kigumu kama njiti ya kiberiti. Kumbe ni laini, kinapinda kama kipande cha waya wa chaja, urefu wake sentimita 4. Kipo cha kijiti kimoja, miaka mitatu, na kipo cha vijiti viwili, miaka mitano. Akasema wazi kwamba hakizuii Ukimwi wala kaswende, na kwamba anayetumia dawa za TB, za kifafa au za kufubaza virusi amuone pembeni, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinakipunguza nguvu. Nilipenda alivyolisema hilo kwa wote, ili mwenye lake aingie chumbani bila kujulikana.

Chumbani aliniuliza maswali mengi kuliko nilivyotarajia: presha, ini, uvimbe kwenye titi, kama natokwa damu isiyo na maelezo, na hedhi ya mwisho ilianza lini. Nilikuwa siku ya tatu, akasema basi kinafanya kazi kuanzia leo. Ningekuja siku nyingine ya mwezi angehakikisha kwanza sina mimba, halafu ningetumia kondomu siku saba. Kuhusu kunyonyesha alinitoa hofu, homoni yake ni ya aina moja tu, haina estrojeni, ile homoni inayoweza kupunguza maziwa, kwa hiyo haikaushi. Na kweli hayakukauka.

Kidogo akiweke mkono usio wake. Alishanilaza na kuushika wa kushoto, ndipo nikakumbuka kumwambia, "Dada, mimi mkasi naushika na huo huo." Akacheka, akazunguka kitanda. Huwekwa kwenye mkono unaoutumia kidogo, upande wa ndani, kama vidole vinne juu ya kiwiko. Alipima kwa rula, akaweka alama mbili kwa kalamu, akapaka dawa ya kahawia. Sindano ya ganzi ndiyo iliyouma, kama siafu mmoja mwenye hasira. Baada ya hapo nilisikia kusukumwa tu. Akanishika kidole akanipitishia juu ya ngozi nikipapase mwenyewe, akanifunga bendeji, akaniandikia kwenye kadi tarehe ya kukitoa. "Siku ukikipapasa usikipate, njoo," akasema. Sikutoa hata shilingi. Jioni mkono ulikuwa na alama ya bluu na nilikata gauni mbili kama kawaida.

Sasa damu.

Hapa ndipo ninapomlaumu yule dada, ingawa kazi yake aliifanya vizuri. Alisema "hedhi inaweza kubadilika kidogo." Kidogo! Mwezi wa pili tangu niwekewe nilitoka matone siku 19 mfululizo. Si damu nyingi, ni uchafu wa kahawia, lakini huwezi kukaa bila pedi, na pedi si bure. Mwezi huo ukaangukia Ramadhani. Wanawake wenzangu Waislamu watanielewa: hujui unaswali au huswali, unafunga au unakula, na mama mkwe anakuhesabia siku. Mume wangu, Baba Yusra, naye akaanza, "Wewe kila nikija una udhuru." Nilifunga safari kwa ustadha anayewasomesha wanangu, nikamweleza bila aibu. Akaniambia, "Siku zako za ada unazijua, hizo ndizo unaziacha. Zinazozidi ni istihadha, damu isiyo ya hedhi. Jisafishe, tia udhu kila swala, swali na ufunge." Nilitoka pale mwepesi. Ningefurahi kama maneno hayo yangekuwa yamebandikwa pale kwenye benchi la zahanati, pwani hii nzima.

Mwezi wa tatu hali ilipokuwa ile ile nilirudi. Mkunga akanipima kwanza kama sina mimba wala maambukizi, akanipa ibuprofeni za siku tano, akasema zikishindikana kuna vidonge vya kutuliza damu kwa muda, na kwamba nikichoka kabisa nina haki ya kukitoa. Damu ilikata siku ya nne. Ikarudi baada ya wiki kadhaa, nyepesi zaidi. Kuanzia kama mwezi wa saba hedhi ikapotea kabisa, na hapo ndipo mtaa ukaingilia kati. Jirani yangu wa chumba cha mbele akanithibitishia kuwa damu "inajaa ndani." Nilishawishika, nikaanza kuona tumbo kubwa. Mkunga alinieleza kwamba kijiti kinaufanya utando wa kizazi ubaki mwembamba, kwa hiyo hakuna cha kutoka na hakuna kinachojaa. Tumbo lilikuwa la chapati.

La kwamba ukibeba ndoo kinavunjika, nimebeba ndoo miaka yote hiyo. La kwamba kinatembea hadi kwenye moyo, changu nilikuwa nakipapasa kila Ijumaa nikioga na kilikuwa pale pale. Uzito niliongezeka kilo tatu, sijui nimlaumu nani kati yake na mihogo ya nazi. Mimba sikupata, na ndicho kilichonipeleka. Ningeambiwa niishie hapa ningekipa nyota nne.

Lakini mwaka huu tulikubaliana na mwenzangu tuongeze mtoto. Nikarudi kukitoa, na hapo ndipo nilipogundua kwamba kuweka na kutoa ni huduma mbili tofauti machoni pa baadhi ya watoa huduma.

Mara ya kwanza nilimkuta nesi mwingine, mgeni kwangu. "Mbona bado miezi minane? Dawa ya serikali hiyo, wenzio wanaitafuta. Kaa nacho kiishe." Nikamwambia nataka mtoto. "Mumeo anajua?" Nikajibu anajua, akasema basi nije naye. Mimi ni mtu mzima, kijiti kiliingia mwilini mwangu bila saini ya mtu, kwa nini kutoka kidaiwe shahidi? Sikusema hayo kwa sauti, nilisema "sawa dada" nikaondoka, na hasira ya kunyamaza ilinikaa hadi usiku. Wiki ya pili nilienda na mume. Tukaambiwa anayejua kutoa yuko semina, arudi Jumatatu. Jumatatu vifaa havikuwa vimechemshwa.

Nikaingia zahanati ya binafsi. Wakataka 40,000 kwa kitu nilichowekewa bure. Yule kijana aliyevaa koti jeupe akaminya mkono wangu kidogo, akasema, "Hiki kimezama, itabidi tuchimbe." Nikamtazama, nikamwambia naenda kuchukua hela nyumbani. Sikurudi. Kijiti nilikuwa nakipapasa mwenyewe kwa kidole, kimezama wapi?

Shangazi ndiye aliyenipeleka kituo kingine cha afya, kwa mkunga mmoja mtu mzima, wa wale wanaokuita "mwanangu" hata kama mmepishana miaka kumi. Hakuuliza mume yuko wapi. Aliuliza, "Unataka kukitoa kwa sababu kinakusumbua au unataka mtoto?" Nikasema mtoto. "Haya." Akakandamiza ncha ya juu kwa kidole gumba, ile ya upande wa kiwiko ikainua kichwa chini ya ngozi, nikakiona kwa macho. Ganzi aliiweka chini ya ile ncha, siyo juu yake, akanieleza kwamba ukiiweka juu ngozi inavimba kijiti kinakupotea. Mkato ulikuwa kama punje ya mchele. Akakisukuma kwa vidole kuelekea kwenye tundu, akakikwangua utando uliokuwa umekifunika, akakishika kwa koleo ndogo kikatoka. Nilikuwa namsimulia habari za mashati ya sare alipomaliza.

Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo lililofuta wiki tatu zote. Alikilaza kwenye shashi, akaweka rula pembeni. "Soma mwenyewe." Nikasoma, 4. "Kimetoka chote, hakuna kipande ulichobaki nacho." Nikamuomba niondoke nacho, akacheka: "Hili si jino la mtoto ukalitupe juu ya paa." Kikaingia kwenye chombo cha taka zao. Aliniandikia foliki asidi, vidonge vya kujiandaa na mimba, nianze siku hiyo hiyo, akanionya kwamba rutuba hurudi haraka, nisije nikadhani nina miezi ya kujipanga.

Kwa hiyo dada ukitaka kuweka, kabla hujalala kitandani muulize anayekuwekea: na kutoa unatoa wewe? Siku gani? Akianza kuzungukazunguka, nenda pengine. Na mwenye siku nyingi za kutokwa matone asivumilie kimya kama mimi nilivyovumilia miezi miwili, arudi.

Kovu langu ni dogo kuliko la ndui. Hedhi ilirudi wiki ya tano baada ya kukitoa, na ya mwezi wa nne tangu siku hiyo haikuja. Nimefungua kadi ya kliniki juzi. Nikijifungua salama nitawekewa kingine kabla sijatoka wodini, nimeshauliza, inaruhusiwa hata kama unanyonyesha. Mama mkwe, aliyetangaza barazani kuwa kijiti kitanifanya gumba, siku hizi ananiletea ndimu na ukwaju. Nilipomkumbusha maneno yake alinitazama kwa mshangao. "Mimi? Mimi nilisema utachelewa."