AI ya kuandika kwenye steshenari ya Mbagala, inalipa au tunajisumbua?

Steshenari wenzangu mnauliza sana kama hizi AI za kuandika, yaani programu za akili bandia unazoziandikia au kuzitumia picha zikakurudishia maandishi, ni za kulipia au tukomae na za bure, nimeona niandike yote hapa mara moja nisirudie rudie. Hii ninayotumia jina silitaji, sijalipwa kuipigia debe na wala sina ugomvi nayo, na hizi kubwa kubwa tabia zake ni zilezile tu, ukiizoea moja nyingine unaingia nayo bila kufundishwa. Duka lipo Mbagala, tunatoa kopi, printi, laminesheni, baindingi, paspoti saizi, na zile kazi za mtandaoni mnazozijua, Ajira Portal, bodi ya mikopo, kuhakiki vyeti vya kuzaliwa RITA, TIN, pamoja na barua za kila aina.

Kwenye spidi sina la kubisha. Zamani mtu akileta muhtasari wa kikao ulioandikwa kwa mkono, kurasa sita saba, binti wa dukani anakaa nao mpaka mchana huku foleni ya kopi inamkodolea macho. Siku hizi anaupiga picha, anaituma, maneno yanarudi yameshapangwa, kazi yake inabaki kusoma mstari kwa mstari na kusahihisha. CV ndo kabisa. Kijana anakuja hajui hata aanzie wapi, anakwambia tu nimemaliza VETA umeme wa majumbani nimekaa na fundi Chang'ombe tukifunga nyumba, unaandika hivyohivyo alivyoongea, inamtolea CV ya Kiingereza iliyonyooka. Barua za kuomba field nazo safi.

Sasa njoo kwenye barua za ofisi zetu. Kiswahili inakiongea vizuri kuliko nilivyotegemea, ila barua ya kwenda serikalini ina utaratibu wake na huo utaratibu haina. Kuna mama alitaka barua ya kwenda kwa Mtendaji wa Kata, ikamwandikia barua ndefu tamu, imeanza na natumaini u mzima wa afya wewe na familia yako, utafikiri anamsalimia shemeji yake wa Tukuyu. Haina K.K., yaani "kupitia kwa", Mwenyekiti wa Serikali ya Mtaa, haina YAH ya kusema barua inahusu nini, haina "husika na kichwa cha habari hapo juu", anuani ya mwombaji imebandikwa kushoto. Ukienda na hiyo barua unarudishwa ukaanze kwa mwenyekiti ugongewe muhuri kwanza, na kumpata mwenyekiti siku ya kazi mnajua wenyewe shughuli yake. Ukiiambia weka K.K. inaweka, tena na samahani juu, lakini mpaka uiambie, na wa kuiambia ni yule aliyeshazitaipu hizo barua mpaka zikamkaa kichwani. Siku nyingine ikampa kijana anuani ya Sekretarieti ya Ajira ikiwa Dar es Salaam, wakati wenzetu walishahamia Dodoma.

Vikundi navyo. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri iliposimamishwa 2023 ikarudi 2024, wateja wa katiba walirudi kwa fujo, akina mama, vijana, watu wenye ulemavu, kila mtu anataka katiba ya kikundi na muhtasari wa kikao ili akasajili. Hapo AI inasaidia kweli, inakupa mifupa ya katiba kwa dakika chache. Ila isome yote. Kikundi cha akina mama wanaokaanga samaki na mihogo kiliwekewa bodi ya wakurugenzi, mkaguzi wa nje na mkutano mkuu wa wanahisa. Mwenyekiti wao akauliza, mwanangu hawa wakurugenzi tutawatoa wapi na sisi tupo kumi. Tukacheka tukafuta.

Kilichonifanya niandike hii tathmini lakini ni mzee mmoja mwenye shamba Mvuti. Alikuja na maelezo yake ya mgogoro wa mpaka, kaandika kwa mkono, ya kupeleka baraza la ardhi. Binti akapiga picha, AI ikatoa maandishi masafi, aya zimepangwa, mpaka ikaongeza vichwa vidogo ambavyo hakuna aliyeviomba. Mzee kaandika eka mbili. Karatasi mpya inasema hekta mbili. Jamani, hekta mbili ni karibu eka tano, yaani pale mzee anasimama mbele ya baraza anadai shamba zaidi ya mara mbili ya alilonunua, na hati ya mauziano inaonyesha eka mbili. Hapo mzee ndo anaonekana mwongo kwenye kesi ambayo ana haki. Na hilo kosa halikuwa na alama yoyote, halikuwa na mstari mwekundu, sentensi imekaa vizuri kabisa. Kosa la mtu unaliona, herufi imeruka, neno limejirudia. Hili limevaa suti. Binti alilidaka kwa sababu ana mazoea ya kusoma na mteja kwa sauti kabla ya kuprinti, na mzee alivyosikia hekta akasema hapana mjukuu wangu, eka, mimi nimesema eka.

Kwa hiyo mtu akiniuliza imemfukuza mtu kazi dukani, nasema hapana, ila imebadilisha kazi. Hela ya kutaipu imekufa, hiyo tusidanganyane, ukurasa tuliokuwa tunautoza buku mteja anaona bora aufanye mwenyewe kwenye simu kisha anakuja na faili kwenye wasapu, "dada niprintie tu". Binti sasa hivi hela anaitengeneza kwenye fomu za mtandaoni na kusahihisha, na amekuwa mkali kuliko mimi. Linaloniumiza kichwa ni huyo atakayekuja baada yake. Yeye K.K. aliijua kwa kutaipu barua mamia kwa mamia, kazi ya kuchosha, lakini ndo iliyomfundisha. Ukimwajiri mtoto wa form four leo ukamkabidhi AI asubuhi ya kwanza, eka na hekta atazijulia wapi?

Wanafunzi wa vyuo nao kivyao. Ripoti ya field iliyokuwa kurasa ishirini sasa inakuja arobaini na kitu, maneno yaleyale yamezungushwa, utangulizi una utangulizi wake. Mimi kama mfanyabiashara nashangilia, printi na baindingi zinatoka, lakini rimu za karatasi zinakwisha kama nini na tona ndo usiseme. Tuliambiwa dijitali italeta ofisi zisizo na karatasi, njooni Mbagala mwone. Na mwanafunzi mwenyewe ukimuuliza ukurasa wa kumi na tano umesema nini anakuangalia tu.

Kuna mdogo wangu anasoma mambo ya mazingira, kila akinikuta nayo ananisema kwamba nakula umeme wa dunia. Nikaona nipige hesabu tumalize ubishi. Google Agosti 2025 walisema swali moja la maandishi la kawaida kwenye AI yao linakula umeme wati-saa 0.24. Mashine yangu ya kopi ikiwa inapasha moto inavuta kama wati elfu moja, kwa hiyo swali moja halifikii hata sekunde moja ya mashine kupasha. Nikamwambia unaona, adui ni kopi. Akaniletea namba ya pili: Shirika la Kimataifa la Nishati, IEA, linasema vituo vya data dunia nzima vilitumia terawati-saa 415 mwaka 2024, kama asilimia 1.5 ya umeme wote wa dunia, na kufika 2030 wanakadiria itakuwa zaidi ya mara mbili. Tukaibadilisha iwe lugha ya kwetu. Bwawa la Nyerere ni megawati 2,115, ukizungusha mitambo yote tisa mwaka mzima usiku na mchana bila kupumzika hata saa moja, bado unahitaji mabwawa kama hayo zaidi ya ishirini na mawili kwa matumizi ya mwaka mmoja tu. Sio AI peke yake humo, kuna video, mabenki, kila kitu, ila AI ndo inayosukuma namba ipande. Sisi tuliokaa na mgao ule wa mwisho wa 2023 kuingia 2024, jenereta linanguruma na mteja anataka kopi ya shilingi mia, tunajua megawati moja ina thamani gani. Mdogo wangu kashinda, ila kopi bado zinamhusu.

Na halafu hiki kitu watu wanadhani kimejifundisha chenyewe. Gazeti la Time liliandika Januari 2023 kwamba vijana wa Nairobi walioajiriwa na kampuni ya Sama walikuwa wanasoma matini za kutisha, ukatili, ubakaji wa watoto, wanaziwekea lebo ili ChatGPT ijifunze kuzikwepa, na mkononi wanapata kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa hiyo ile heshima yake, kutokutukana, kukuomba samahani, kuna mtu hapo Kenya alikaa akameza uchafu kwanza. Huwa nawaambia vijana wanaokuja dukani kuniuliza kazi za mtandaoni za kuweka lebo, sio kwamba nawakataza, kazi ni kazi, ila waulize mapema watapewa vitu gani kusoma na wanalipwa kwa saa au kwa kipande.

Jambo la kuzingatia kwa wenye duka: namba za NIDA, zile za kitambulisho cha taifa. Msipige picha fomu nzima ya mtu mkairusha kwenye AI. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kazi tangu Mei 2023, na hata kama hakuna aliyekuja kukukagua, mteja amekuamini na kitambulisho chake, hakukupa ukitume ng'ambo. Sisi tunaweka kipande cha karatasi juu ya namba ya NIDA, ya simu na saini kabla ya kupiga picha, tunajaza wenyewe baadaye. Inachukua sekunde chache.

Intaneti nayo msiisahau kwenye hesabu. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilivyokatika, nchi nzima tulikuwa tunasukuma kurasa zinazunguka tu, na siku zile aliyepiga hela ni mwenye mtu anayejua kutaipu kwa vidole kumi. Ndo maana binti bado namtaka ataipu walau barua moja moja kwa mkono kila siku, ananuna lakini anataipu.

Bei sasa. Ya kulipia ni dola 20 kwa mwezi, kwa hela yetu karibu elfu hamsini, unalipa kwa kadi ya mtandaoni ya kwenye simu. Utofauti niliouona ni kwamba haikukatizi katikati ukiwa na picha nyingi, na inasoma miandiko mibaya vizuri zaidi kidogo. Kwenye K.K. na kwenye eka ziko sawa tu, ya hela na ya bure, zote hazijui. Ukiwa na duka la barua na CV za hapa na pale bure inatosha kabisa, hiyo elfu hamsini nunua rimu. Ukiwa karibu na chuo, au una kazi nyingi za kuchapa vitabu vya vikao, lipia mwezi mmoja upime mwenyewe. Nyota naipa tatu kati ya tano. Mimi nalipia msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo tu, dirisha likifungwa nasitisha, na kumbuka kusitisha kweli kwenye mipangilio maana usipofanya hivyo mwezi ujao hela inakatwa tena na kuidai huko ni kazi nyingine.