Redio za upepo nzima, fundi ndiye aliyeziharibu

Nilikuwa nimekaa kimya, ila juzijuzi mlinzi wa zamu ya usiku kule Nala ameita tena na hakuna aliyeelewa anasema nini. Duka lililotuuzia redio mpya za walinzi lipo hapa Dodoma mjini, jina silitaji. Redio zenyewe sina neno nazo: za masafa ya VHF, wati 5, betri inamaliza zamu. Ubaya uko kwa fundi aliyeziingizia masafa.

Redio mpya ikiita kupitia ripita, yaani mtambo unaopokea sauti na kuirusha tena mbali, sauti inafika ya chini, kama mtu ananong'ona. Ya zamani, ukisimama nayo palepale, chaneli ileile, inasikika safi. Ya zamani nayo ikiita, kwenye mpya sauti inakwaruza, na mtu akipaza maneno yanakatika. Ukiona dalili hizo mbili pamoja, usihangaike na betri: mpya zimewekwa upana wa chaneli wa kilohezi 12.5, ripita na za zamani zipo kwenye 25. Dawa yake ni kuchomeka waya wa kompyuta, kuisoma redio, kubadilisha upana kwenye kila chaneli, kisha kuandika upya. Basi.

Nikazirudisha. Kijana wa kaunta, bila hata kuiwasha moja: "Mama, Dodoma ina milima, uwezo wake ndio huo. Nunueni antena ndefu."

Milima! Mlima unazuia VHF, sibishi, lakini ukizuia utapata mkwaruzo mtupu au ripita haifunguki kabisa. Yetu inafunguka, ukiachia kitufe cha kuongelea unasikia mkia wake kidogo, yaani inabaki hewani kitambo, ndipo inanyamaza. Maana yake mawimbi yamefika na toni, ile alama inayofungua ripita, imekubaliwa, kilichopungua ni sauti tu. Kwenye FM, namna redio hizi zinavyorusha sauti, mawimbi yakishafika vizuri, antena ndefu haikuzi sauti hata kidogo. Huyo alitaka pesa nyingine.

Hata hivyo nilikuwa tayari kuwapa nyota tatu, kwa ajili ya betri na chaja. Kisha nikazungusha swichi hadi chaneli 16: wameacha masafa ya kiwandani! Leseni yetu ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, haina masafa hayo, na nakala walikuwa nayo mezani. Mlinzi akikosea swichi gizani, anaongea mahali pasipo petu, na atakayeulizwa ni sisi.

Nyota moja. Walinzi nimewarudishia za zamani. Mpya zimerudi kwenye boksi mpaka nipate fundi atakayeiwasha redio kwanza ndipo anijibu.