Google Calendar kwa timu ya Dar, Muscat, London na Toronto: uzoefu wangu

Naitumia kupanga vikao vya kila wiki vya watu walio kwenye miji hiyo minne. Hesabu yenyewe ya saa haina shida. Shida huingia kwenye mji unaouchagua na namna unavyoitaja saa kwa mdomo.

Anzia kwenye kompyuta, si simu. Ndani ya mipangilio, tafuta sehemu ya saa za eneo, washa eneo la pili, kisha uzipe safu zote mbili majina mafupi, kwa mfano DAR na TOR. Eneo hilo la pili liwe la aliye mbali zaidi. Muscat na London waweke kwenye saa ya dunia, itakayokaa pembeni. Ukiwa humo humo, badili saa ziwe za mtindo wa 24. Na kwa London chagua mji, usichague GMT tupu, maana GMT haisogei, ilhali London inasogea kila Machi na Oktoba.

Sasa kikao cha kujirudia, ambapo ndipo wengi huumbuka. Kikao hutia nanga kwenye saa za mji mmoja, nao ni mji wa aliyekiandika, isipokuwa umebadilisha mwenyewe kwa kubofya saa za eneo pale unapojaza muda. Ukitia nanga Dar saa 10 jioni, Dar na Muscat hawatasikia kitu mwaka mzima, ila wa Toronto ataanza 9:00 wakati wa kiangazi na 8:00 wakati wa baridi, saa ambayo huenda yuko kwenye treni. Mimi hutia nanga Toronto, 9:00. Dar inapata 16:00 kiangazi na 17:00 baridi, Muscat 17:00 na 18:00. Kuvumilia kusogezwa kwa muda wa saa moja wakati wa jioni ni rahisi kuliko kumwamsha mtu.

Bado kuna wiki za katikati. Toronto hubadilisha saa Jumapili ya pili ya Machi, London Jumapili ya mwisho. Mwaka 2026 ni tarehe 8 na 29, kwa hiyo kwa wiki tatu kikao kile kile London kinaangukia 13:00 badala ya 14:00. Hali hujirudia kati ya tarehe 25 Oktoba na 1 Novemba. Kalenda italionyesha hilo sawasawa, lakini anayekariri saa kichwani atachelewa. Siku chache kabla, andika kwenye maelezo ya kikao: "London wiki hii 13:00."

Ukurasa wa kutafuta muda, unaopanga ratiba za waalikwa kando kwa kando, ni mzuri mno, mradi kila mmoja awe amekushirikisha kalenda yake. Asiyeshirikisha, ratiba yake hutaiona, usije ukadhani ana nafasi. Siku nazo zinabana: Oman hupumzika Ijumaa na Jumamosi, wengine Jumamosi na Jumapili, hivyo zinabaki Jumatatu hadi Alhamisi.

Kisha kuna hii ambayo programu haiwezi kukuokoa: Kiswahili chetu. "Tukutane saa tatu" kwenye kundi la WhatsApp, wa Dar anaelewa 9:00, aliyekulia Toronto anaelewa 15:00. Tuma mwaliko wenyewe, kila simu itajisomea saa za mahali ilipo. Ukilazimika kuandika, andika "16:00 Dar (saa kumi jioni)".

Tahadhari zaidi kwenye vikao vya usiku. "Usiku wa Jumanne" kwa wengine ni usiku unaoanza Jumatatu jua likizama, kwa wengine ni Jumanne yenyewe usiku. Andika tarehe, au sema "usiku wa kuamkia Jumanne".

Nyota nne kati ya tano. Ningeongeza ya tano kama ingekubali safu nne za saa kwa pamoja.