Wiki ya mapokezi kwa wanafunzi wa kigeni Ujerumani: mwenyeji nyota tano, vikao vya ukumbini nyota mbili

Naanza na alama, maana najua wengi husoma hapo tu kisha wakaondoka: mpango wa wenyeji, yaani wanafunzi wanaojitolea kumpokea mgeni, nyota tano, hosteli tatu na nusu, vikao vya ukumbini mbili. Chuo ni cha serikali, cha ukubwa wa kati. Sikitaji jina kwa sababu ninayoyalalamikia utayakuta karibu kila chuo cha huko. Nimeipokea huduma hii kama mgeni muhula mmoja, kisha mihula miwili nikajitolea kuwa mwenyeji, kwa hiyo fomu zilizojazwa vibaya nimeziona za kila aina.

Kwanza tarehe, maana hapo ndipo watu huanza kuchelewa. Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, lakini mihadhara yenyewe huanza katikati ya mwezi. Wiki ya mapokezi huwekwa kwenye pengo hilo. Vyuo vya sayansi tumizi, vile vinavyoitwa Fachhochschule, mara nyingi hutangulia na kuanza Septemba. Anayekata tiketi ya ndege kwa kuangalia siku ya mhadhara wa kwanza atatua wakati wenzake wameshapata makaratasi, na atalazimika kuyafuatilia huku vipindi vikiendelea. Njoo angalau wiki mbili kabla ya mihadhara, na utue Jumatatu hadi Alhamisi. Usitue Ijumaa jioni: funguo za hosteli zinatolewa na msimamizi wa jengo, Hausmeister, kwa saa zake za kazi. Kuna anayekaa ofisini saa mbili tu kwa siku, na Jumamosi na Jumapili hayupo kabisa. Chumba umeshakilipia, lakini utalala hoteli siku tatu. Ukiwa na mwenyeji, yeye anaweza kukuchukulia funguo mapema, lakini mpaka umtumie barua ya idhini yenye saini yako na nakala ya pasipoti. Hili halikuandikwa popote kwenye kijitabu cha mapokezi.

Sasa kasoro kubwa ya vikao. Vimepangwa kwa kufuata ofisi za chuo, wala si kwa kufuata mahitaji ya mgeni. Siku ya kwanza hotuba ya makamu wa rais wa chuo, maktaba na kituo cha michezo. Bima ya afya siku ya tatu. Usajili wa anwani siku ya nne, saa tisa alasiri, watu wanasinzia. Ilhali maisha ya wiki ya kwanza Ujerumani ni mnyororo: kila karatasi inadai karatasi iliyotangulia. Chumba kwanza, kisha karatasi ya mwenye nyumba, kisha usajili wa anwani, kisha akaunti ya benki, kisha ndipo pesa zako zinafunguka. Ruka pete moja na zote zinazofuata zinasimama.

Usajili wa anwani, Anmeldung, sheria inataka ufanyike ndani ya wiki mbili tangu uhamie. Ni bure. Unakwenda na pasipoti, fomu iliyojazwa, na karatasi ya mwenye nyumba inayoitwa Wohnungsgeberbestätigung, jina refu kama treni ya mizigo kwa kitu chenye ukurasa mmoja. Mkataba wa pango hautoshi, hata kama una mihuri mitatu. Karatasi hiyo lazima ionyeshe jina na anwani ya mwenye nyumba, anwani ya chumba, tarehe ya kuhamia, na majina ya wanaohamia. Makosa mawili nimeyaona yakijirudia. Tarehe ya kuhamia inaachwa wazi, mtu wa dirishani anakurudisha. La pili ni letu sisi: mkataba una majina mawili, pasipoti ina matatu. Andika yote, kwa mpangilio uleule wa pasipoti, tangu siku ya kuomba chumba. Ukianza na majina mawili hosteli na matatu benki, miezi sita utakuwa unaeleza kuwa wewe ni mtu mmoja.

Miadi ya usajili ndiyo adimu. Kwenye miji yenye wanafunzi wengi, mwezi wa Oktoba nafasi zilizo wazi zinaweza kuwa za wiki nne mbele. Mwenyeji mzuri anakuwekea miadi kabla hujapanda ndege. Akichelewa, fungua ukurasa wa miadi asubuhi na mapema, kwani nafasi zilizofutwa hurudi hapo. Na ikiwa miadi ya karibu zaidi inapita zile wiki mbili, hifadhi uthibitisho wa kuiomba, kwa sababu ndio ushahidi kuwa hukuzembea.

Kitu kidogo kuliko vyote ndicho kinachowatesa wengi zaidi: jina kwenye sanduku la barua. Sisi tumekulia kwenye S.L.P.; barua inakwenda posta, unaifuata mwenyewe na ufunguo wako. Kule tarishi anafika mlangoni, anatazama safu ya visanduku vya bati, anatafuta jina la ukoo. Hajui chumba namba ngapi na wala hapandi ngazi kuuliza. Asipoliona jina, barua inarudi ilikotoka. Na barua zenyewe ni hizi: namba ya kodi yenye tarakimu 11, ambayo hutumwa wiki mbili tatu baada ya usajili na ambayo mwajiri ataidai, kadi ya bima ya afya, namba ya siri ya benki. Kadi ya benki na namba yake ya siri huja kwa bahasha mbili, siku tofauti. Kinachotakiwa ni kipande cha karatasi cha upana wa kidole, jina la ukoo kwa herufi kubwa, na utepe wa gundi juu yake ili mvua isiifute. Bandika siku unayopokea funguo, kabla hujafungua begi. Ukikaa kwa mtu kwa muda, jina la mwenye chumba lazima liandikwe kwenye anwani yako baada ya c/o. Wenyeji wetu walitembea na kalamu ya wino mzito na utepe wa gundi mfukoni, na hapo tu walistahili zile nyota tano.

Kwenye fedha, kikao cha chuo kilisema sawa lakini nusu. Akaunti iliyozuiliwa, Sperrkonto, ambayo ubalozi unaidai kwa ajili ya viza, inataka euro 11,904 kwa mwaka, na inakutolea euro 992 kwa mwezi. Ambacho hawakusisitiza ni kwamba hizo 992 haziji mkononi. Zinahamia kwenye akaunti ya kawaida yenye jina lako, na benki nyingi haziifungui bila karatasi ya usajili wa anwani. Maana yake mwezi wa kwanza unaishi kwa pesa uliyobeba. Na mwezi huohuo ndio wenye amana ya chumba, kodi ya kwanza, godoro au shuka, na koti. Euro 1,000 hadi 1,500 taslimu au kwenye kadi inayokubalika nje ndiyo hesabu ninayowapa wanaoniuliza. Amana ya chumba kwa watu binafsi inaweza kufika kodi ya miezi mitatu, na hapo hata hiyo haitoshi.

Ada ya muhula nayo ina mtego wake. Vyuo vingi vya serikali havitozi ada ya masomo. Baden-Württemberg inawatoza wanaotoka nje ya Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Lakini mchango wa muhula, yaani wa huduma za wanafunzi, unalipwa kila mahali, na usajili wa masomo haukamiliki mpaka ufike kamili. Ukiutuma kutoka benki ya nyumbani, benki za katikati zinakata njiani, unatuma euro 300 zinafika 280 na kitu, na mfumo wa chuo unaiona kama hujalipa. Kwenye fomu ya benki chagua gharama zote zilipwe na mtumaji, zimeandikwa OUR, na kwenye sehemu ya maelezo andika namba yako ya mwombaji bila kuongeza neno lolote.

Bima ya afya. Bima ya umma kwa mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 inakwenda kwenye euro 140 hadi 150 kwa mwezi, na wengi hushtuka wakaanza kutafuta ya binafsi ya euro 40. Ofisi ya chuo ilipitia hapa kwa dakika tano, nami nadhani palistahili saa nzima. Ukijitoa kwenye bima ya umma kwa maandishi mwanzoni mwa masomo, huwezi kurudi humo kwa muda wote wa masomo hayo. Ile ya bei nafuu mara nyingi ni bima ya safari tu, ina orodha ndefu ya isiyoyalipia, na ofisi ya uhamiaji inaweza kuikataa. Ukishajiunga na ya umma, usipeleke karatasi chuoni. Bima yenyewe hutuma taarifa kwa mtandao, inaitwa M10, nawe unatakiwa kuwaambia watu wa bima waitume kwa chuo gani. Nakala ya PDF uliyobeba wewe haihesabiki, hata uichapishe kwa rangi.

Kibali cha ukaazi kilielezwa vizuri, nitapita haraka. Viza ya kuingilia huwa ya miezi mitatu hadi sita; ombi la kibali lifike ofisini kabla haijaisha. Likifika kwa wakati na ofisi ikichelewa, unaendelea kuwa halali, na unaweza kudai cheti cha muda kinachoitwa Fiktionsbescheinigung. Hakikisha tu kabla ya kusafiri kuwa aina uliyopewa inaruhusu kurudi nchini. Gharama ya kibali ni euro 100. Picha za karatasi zimeondolewa tangu 2025, sasa ni za kidijitali, kwa hiyo usilipie pasipoti-saizi nyumbani. Kazi: siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka.

Ziara ya kampasi ni ya kawaida. Jioni ya chakula cha mataifa ni nzuri kama hukula mchana. Kadi ya Mensa, kantini ya chuo, iwekee pesa siku hiyohiyo, kwani bila ya kadi ya mwanafunzi unatozwa bei ya mgeni. Tiketi ya usafiri ya muhula, pale inapokuwemo kwenye mchango, inafanya kazi kwenye treni za mikoa, mabasi na tramu, siyo treni za masafa marefu, ICE na IC. Ikiwa tiketi iko kwenye simu, simu ikizima chaji umepanda bila tiketi. Taka: karatasi pipa la bluu, plastiki na makopo la njano, mabaki ya chakula la kahawia. Chupa yenye alama ya amana usiitupe, ni senti 25. Maduka Jumapili yamefungwa, nunua unga na mchele Jumamosi.

Kuhusu mwenyeji, fomu ya kumwomba hufungwa wiki kadhaa kabla ya muhula na haiwafikii waliopata udahili mwishoni. Waandikie ofisi ya wanafunzi wa kimataifa hata kama imeshafungwa, huwa kuna waliojitoa. Fomu inauliza unapendelea mtu wa nchi yako au wa kitivo chako. Chagua kitivo. Watu wa nyumbani utawapata tu, kwenye kundi la WhatsApp au kanisani au msikitini, na watakuelekeza duka linalouza maharage na unga wa sembe. Lakini wa kitivo chako ndiye anayejua kuwa mhadhara ulioandikwa saa nne c.t. unaanza saa nne na robo, na wenye s.t. unaanza saa nne kamili. Ndiye pia atakayekutoa hofu ya alama: Mtanzania aliyezoea GPA ya 5.0 kuwa ya kupigiwa makofi atakuta kule 5.0 ni kufeli, 4.0 ni kuponea chupuchupu, na bora kabisa ni 1.0.

Na ndiye atakayekukumbusha mtihani. Hapo kwetu ukiwa umejisajili kwa kozi, mtihani unakungoja. Kule unajisajili kwa mtihani wenyewe, kila somo peke yake, kwenye mfumo wa chuo, ndani ya dirisha ambalo kwa kitivo chetu lilikuwa wiki tatu kuanzia mwishoni mwa Novemba. Lilitajwa Oktoba, siku ya pili ya vikao, slaidi moja. Likifungwa, limefungwa, hata mhadhiri akikufahamu hawezi kukuingiza. Kuna kikao cha pili cha dakika 45 ambacho ofisi hukiita mwishoni mwa Novemba kwa ajili ya hilo, na hakina chai wala vitafunio, hivyo huhudhuriwa na watu kumi. Nenda na kompyuta na ile simu uliyoisajili kwa kuthibitisha nywila, jisajili hapohapo, kisha pakua uthibitisho wenye tarehe na uuhifadhi.