Mafunzo ya siku tano kwa walimu wa lugha, Sinza: mradi umeeleweka, utafiti umechelewa

Mafunzo haya hutolewa wakati wa likizo kwenye kituo kimoja cha binafsi maeneo ya Sinza, Dar es Salaam, kwa walimu wa Kiswahili na Kiingereza wa sekondari. Siku tatu za kwanza ni za kufundisha kwa njia ya mradi, mbili za mwisho ni za utafiti wa vitendo darasani, yaani mwalimu kuuchunguza ufundishaji wake mwenyewe ili auboreshe.

Upande wa mradi, wawezeshaji wanaijua kazi yao. Kilpatrick, Mmarekani aliyeieneza njia ya mradi kwa makala yake ya 1918, anatajwa kwa dakika chache, kisha walimu wanaingia mtaani: kundi la Kiswahili linakusanya maandishi ya mabango ya maduka Kariakoo na kuyasahihisha, la Kiingereza linaandaa kipeperushi cha wageni wa Makumbusho ya Taifa, pale mtaa wa Shaaban Robert.

Kilichotufurahisha zaidi ni namna wanavyoshughulikia msongamano. Darasa la wanafunzi 60 linagawanywa wannewanne: mhoji, mwandishi, mhariri na msemaji, na zamu zinabadilika kila wiki. Ukiweka wanane, nusu yao watakuwa wasindikizaji tu. Lakini wannewanne ni makundi 15, na kila kundi likipewa dakika tano mbele ya darasa, hizo ni dakika 75, karibu vipindi viwili vya dakika 40. Kwa hiyo kazi zinaandikwa kwenye mabango kitita, yaani karatasi kubwa, na kubandikwa ukutani. Wawili wa kila kundi wanabaki kueleza, wawili wanazunguka kuuliza, kisha wanapokezana. Kipindi kimoja kinatosha, na hakuna anayemaliza bila kufungua mdomo.

Alama nazo zimefikiriwa: nusu za kundi, nusu za mtu binafsi kutokana na rasimu alizoandika kwenye daftari lake, darasani. Bila hivyo, kwenye Kiingereza makundi hujadili kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, halafu mmoja anayekijua anawatafsiria wenzake.

Sasa utafiti. Mzunguko wa kupanga, kutenda, kuchunguza na kutafakari, ambao chimbuko lake ni mwanasaikolojia Kurt Lewin miaka ya 1940, umeelezwa vizuri. Kosa ni kuuleta siku ya nne, mradi ukiwa umeshaisha. Mwalimu anaambiwa apime maendeleo ilhali hana kipimo cha mwanzo, kwa hiyo anaishia kuandika kwamba wanafunzi "wamehamasika". Wengine wanashauriwa walinganishe na mkondo mwingine unaofundishwa na mwalimu mwingine, ushauri ambao hatuukubali: tofauti ikionekana, huwezi kujua kama imeletwa na mradi au na mwalimu.

Swali nalo liliachwa pana mno. "Kwa nini wanafunzi hawapendi kuzungumza?" halijibiki kwa muhula mmoja. Linalojibika ni kama hili: je, mazoezi ya wawiliwawili ya dakika 10 kabla ya mahojiano yanaongeza idadi ya sentensi kamili wanazotoa wanafunzi wa Kidato cha Pili?

Na kuhusu kurekodi kwa simu, hakuna aliyewaonya walimu kwamba saa moja ya sauti hula saa nne au zaidi za kuandika. Dakika tatu kwa kila mwanafunzi zinatosha, baada ya kupata ruhusa ya mkuu wa shule na wazazi.

Mafunzo tunayapendekeza, hasa kwa mwalimu mwenye darasa kubwa. Ila kabla shule hazijafungwa, chagua wanafunzi sita: wawili wanaoelewa haraka, wawili wa kati, wawili wanaosuasua. Warekodi wakijibu swali lilelile, hesabu sentensi kamili za kila mmoja, andika tarehe, na uende Sinza na karatasi hiyo mkononi. Mradi ukishafanyika shuleni, warekodi tena sita walewale kwa swali la kiwango hichohicho.