“Mbwa Wanakaribishwa”, Isipokuwa Wangu

Naandika haya nikiwa bado na hasira, na sitaki kusubiri zipoe, kwa sababu zikipoa nitaanza kuwatafutia udhuru watu wasiostahili udhuru. Mkahawa ninaouzungumzia uko ufukweni, ng'ambo ya Daraja la Nyali, na katika tangazo lao wameandika kwa herufi kubwa kwamba mbwa wanakaribishwa. Nilikuwa natoka Voi kuja Mombasa kupumzika na mbwa wangu Shaba, jike wa kienyeji mwenye rangi inayolingana na jina lake, na kwa kuwa si rahisi kupata mahali pa kula mjini ukiwa na mbwa, niliwapigia simu kabla sijaondoka nyumbani. Aliyepokea alinihakikishia kwamba hakuna tatizo lolote, mradi mbwa afungwe kamba na mimi nitume shilingi 500 za usafi kwa M-Pesa. Nikatuma. Ujumbe wa kuthibitisha malipo ninao mpaka leo.

Tulifika mchana, askari wa langoni akatufungulia bila neno, tukashuka hadi kwenye baraza inayotazama bahari. Kabla sijavuta kiti alitokea msimamizi, bwana wa makamo mwenye shati jeupe lililopigwa pasi likakubali, akasimama mbali kidogo nasi, na badala ya kutusalimu akamwuliza mhudumu, “Huyu kaingiaje na mbwa?” Hakuniuliza mimi niliyesimama mbele yake. Nikamweleza kwamba nilipiga simu, nikaruhusiwa, nikalipa. Akasema utaratibu huo ni wa mbwa wa wageni. Nikamwuliza kama mtu aliyetoka Voi kuja kula kwake si mgeni, basi ni nani. Hapo ndipo alipoyatoa ya moyoni: “Dada, huyu ni mbwa wa kienyeji. Hawa hawajulikani walikotoka. Wana kupe, wana kichaa.”

Wakati akiyasema hayo, chini ya meza iliyokuwa pembeni alikuwa amejinyoosha mbwa mkubwa wa manyoya mengi, mali ya watalii wawili waliokuwa wakinywa madafu. Kamba yake ilikuwa imetupwa sakafuni, haikufungwa popote, na mbele yake palikuwa na bakuli la maji yenye vipande vya barafu. Barafu!

Nilitoa kadi ya chanjo. Shaba huchanjwa dhidi ya kichaa kila mwaka, na kadi yake ina tarehe na muhuri wa daktari wa mifugo. Kichaa cha mbwa hakichagui manyoya. Virusi vyake hupita kwenye mate ya mnyama aliyeambukizwa, hasa anapouma, na kinachomkinga mbwa ni sindano, si ukoo wake. Serikali yetu imejiwekea lengo la kukomesha vifo vya watu vinavyosababishwa na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na lengo hilo haliwezi kutimia bila kuwachanja hawa hawa mbwa wa kienyeji, ambao ndio wengi katika nchi hii. Msimamizi hakuishika kadi. Aliitazama nilipomnyooshea, mikono yake ikiwa nyuma, kama karani wa ardhi aliyeletewa hati ya kughushi, kisha akasema, “Karatasi yeyote anaweza kuandika.” Yule mbwa wa barafu hakuulizwa karatasi.

Sikutaka kugombana mbele ya watu wanaokula, kwa hiyo nilishuka mchangani. Maji yalikuwa yanakupwa na ufuo ulikuwa wazi, nikakaa kwenye mchanga ulio bado na unyevu. Haikupita muda askari yule yule wa langoni akatumwa kuniambia nisogee, eti tunawaharibia wageni mandhari. Nilimjibu kwa upole, maana kosa halikuwa lake, kwamba ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa ni ardhi ya umma kwa mujibu wa Ibara ya 62 ya Katiba ya mwaka 2010, na kwamba bosi wake akitaka kunihamisha, ashuke mwenyewe na viatu vyake vilivyong'arishwa. Askari akatabasamu akitazama chini. “Mimi ni kazi tu, dada,” akasema, akarudi zake. Bosi hakushuka.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba asubuhi yote ilikuwa njema kupita matarajio yangu. Tulianzia bustani ya Mama Ngina, kando ya bahari, chini ya mibuyu, jua lilipokuwa halijawa kali, nikanunua mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili. Baadaye dereva wa tuktuk alitandika gunia sakafuni ili Shaba alale, akatupeleka hadi Ngome ya Yesu bila kuongeza nauli (ingawa nauli yenyewe tulikuwa tumevutana sana). Hatukuingia ndani, tulipita tu kando ya zile kuta ambazo Wareno walianza kuzijenga mwaka 1593, tukatokea Mji wa Kale.

Marafiki walikuwa wamenionya kwamba huko tutafukuzwa. Wengi wa wenyeji wa Mji wa Kale ni Waislamu wa madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi nzito, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Nikalijua hilo, nikaifupisha kamba na kujiepusha na milango ya misikiti na baraza za watu. Karibu na barabara ya Ndia Kuu tulimkuta mzee ameketi nje ya mlango wa kuchonga. Nilipoanza kugeuka ili nisimkere, aliukusanya msuli wake kidogo akasema, “Pita, mwanangu, hakuna neno. Mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Ila mnyama huyu ana kiu.” Akamtuma mjukuu wake kwa muuza madafu, mtoto akarudi na ganda la dafu lililokwisha kunywewa, likatiwa maji ya mtungi, na mzee mwenyewe akaelekeza liwekwe kivulini, mbali kidogo na baraza. Shaba alipomaliza, ganda likatupwa, na hapakuwa na chombo cha mtu cha kuoshwa mara saba. Mzee ana sababu ya dini ya kujitenga na mbwa, na bado sisi wawili tulipita mlangoni pake kwa heshima. Yule msimamizi sijui alikuwa na sababu gani.

Sasa nifike kwenye jambo linalonitatiza. Yule mhudumu kijana alishuka mchangani kwa siri akaniambia, “Dada, pesa umeshatoa, agiza nikuletee hapa.” Nilitaka kukataa kwa kiburi, lakini njaa ilikuwa imenishika, nikaagiza samaki wa kupaka na wali. Walaaniwe, samaki alikuwa mtamu! Alikuwa ni changu aliyechomwa kwa makaa mpaka ngozi ikashika weusi pembeni, tui zito, ukwaju wa kutosha, pilipili isiyotaka sifa. Nilipokuwa namchambulia Shaba minofu isiyo na miba, huku yeye akiwinda kaa kwenye mabwawa ya maji kupwa bila habari na mtu, nilikwisha kuamua kuwapa nyota tatu. Kisha nikageuka nikaona mhudumu mwingine anaongeza barafu kwenye lile bakuli, nikarudi kwenye sifuri.

Baada ya kutafakari nimetoa moja, nayo ni ya mpishi na kijana aliyeshuka, wagawane. Anayekwenda bila mbwa, au na mbwa wa manyoya, atakula vizuri sana pale, na hilo siwezi kulificha. Nilipodai shilingi zangu 500, nilijibiwa kwa ujumbe mfupi kwamba ada ya usafi hairudishwi. Nimewaandikia tena kuuliza ni usafi wa nini, ikiwa mbwa mwenyewe hakuruhusiwa kukaa, na nimeambatisha picha ya kadi ya chanjo.